Ushahidi wa Vigae: Vyombo vya Nyumbani na Maisha ya Waswahili wa Zama za Kati

Mgeni anayezuru magofu ya Gedi, kusini kidogo ya mji wa Malindi, hukutana na majina yasiyo ya kawaida. Nyumba zilizofukuliwa huko hazikupewa majina ya masultani, wala ya koo, wala ya mashekhe. Ipo Nyumba ya Makasi. Ipo Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kaure na Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Majina hayo hayakurithiwa kutoka kwa wakazi wa kale. Yalitokana na uchimbaji wa James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyefanya kazi katika magofu hayo kuanzia mwaka 1948 hadi 1958. Kwa kuwa haikujulikana ni nani aliyelala katika chumba gani, nyumba zilibatizwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake.

Hapakuwa na budi kufanya hivyo. Gedi haina tarehe yake, yaani simulizi iliyoandikwa ya nasaba na vita vya watawala, kama zilivyo tarehe za Pate na Kilwa. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, na hata hivyo hawakuutaja mji huu. Lipo kaburi moja lililoandikwa mwaka, 802 Hijiria, ambao ni sawa na 1399 Baada ya Kristo. Zaidi ya hapo mji ni bubu. Wasemaji waliobaki ni makasi, taa, vigae vya vyungu na visima vilivyokauka.

Ajabu ni kwamba mtu yuyo huyo aliyeviacha vitu vizipe nyumba majina hakuviacha viupe mji watu wake. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kinautaja Gedi, katika anwani yake, kuwa mji wa Kiarabu. Haikosi kusemwa, kwa uadilifu, kwamba alikuwa mchimbaji makini, na vigae vya kienyeji aliviainisha kwa uangalifu. Lakini kuviainisha ni jambo moja, na kuvisikiliza ni jambo jingine. Vigae vile, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi kuliko kitu chochote kingine katika kifusi, vilikuwa vikieleza habari tofauti na ile iliyopigwa chapa juu ya jalada.

Jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko linavyodhaniwa. Katika vyuo vikuu vya Kenya, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa mjadala wa asili na chimbuko la Kiswahili. Huzikariri nadharia: kwamba Kiswahili ni Kiarabu, kwamba ni pijini, kwamba ni krioli, kwamba ni lugha ya Kibantu. Huziandika katika mtihani, hutoa hitimisho linalotarajiwa na mhadhiri, kisha huzisahau. Ushahidi unaotumiwa katika mjadala huo karibu wote ni wa aina mbili. Kwanza ni maneno yaliyohesabiwa kamusini. Pili ni masimulizi ya wakuu, hasa yale yanayohusu majahazi yaliyotoka Shirazi. Ni nadra swali jepesi kuulizwa: watu hao waliokuwa wakiizungumza lugha hiyo miaka 1,000 iliyopita, walipikia nini? Walichotea maji nini? Walikalia nini, walivaa nini, na vitu hivyo walivipata wapi?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chombo cha nyumbani ni shahidi bora kuliko nasaba ya sultani, na kwamba idara za Kiswahili zimefanya kosa kuwaachia wanahistoria peke yao shahidi huyo.

Chungu na kitangulie. Katika kisiwa cha Pate yapo magofu ya mji uitwao Shanga, uliokaliwa tangu karne ya nane hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Mark Horton na wenzake waliuchimba katika miaka ya 1980 hadi 1988. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta misingi ya msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hadi walipofikia alama za mwisho: jengo dogo la miti na udongo, la mwishoni mwa karne ya nane, ambalo lingeweza kubeba watu wachache tu. Waumini wa kwanza wa Shanga, basi, hawakuwa mabwana wa kasri za mawe. Waliishi katika nyumba za fito zilizokandikwa udongo, wakaswali katika nyumba ya namna iyo hiyo. Mawe ya matumbawe yalikuja baadaye.

Na katika nyumba hizo za kukandikwa walipikia vyungu gani? Vyungu vya tabaka za chini kabisa ni vile vyenye shingo na nakshi za pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali kabla ya udongo kukauka. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana pia kandokando ya mto Tana, mbali na bahari, na ndiyo sababu wataalamu fulani wakaviita kwa jina la mto huo. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amevichunguza vyungu vya jamaa hiyo katika pwani na bara ya Tanzania, naye akapendelea kuviita kwa nakshi zake za pembetatu. Wanazuoni wamebishana sana juu ya jina. Jambo lenyewe halina ubishi mkubwa: mfinyanzi wa Shanga na mfinyanzi wa bara walikuwa na mkono mmoja. Aliyefinyanga chungu cha Shanga hakufunzwa ng'ambo.

Mwanaisimu hana sababu ya kushangaa. Neno chungu, au nyungu kama lisemwavyo katika baadhi ya lahaja, linasikika kwa Wamijikenda, na kwa Wagikuyu walio mbali na bahari. Ni neno kongwe la Kibantu. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985 kuhusu historia ya Waswahili, walionyesha jinsi ushahidi wa lugha na ushahidi wa ardhini unavyoweza kusomwa kwa pamoja. Tangu wakati huo miongo minne imepita, na bado katika vyumba vingi vya mihadhara vigae havijaingia.

Badala yake kinachoingia ni kaure. Mzuru wa Mambrui huonyeshwa nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya Kichina, na mzuru wa Gedi huonyeshwa vipande vya samawati na vyeupe ndani ya kabati la kioo. Ni vitu vizuri. Hakuna haja ya kuvibeza. Lakini katika miji mingi ya pwani ya zama za kati, vigae vya vyombo vilivyotoka ng'ambo, viwe vya Uchina, Uajemi, Uarabuni au Bara Hindi, aghalabu havizidi vitano katika kila vigae mia. Vile tisini na tano ni vya udongo wa papa hapa. Wanafunzi wanapopelekwa ziarani hupiga picha kando ya vile vitano.

Hesabu za kamusi hufanya kosa lilo hilo. Anayefungua kamusi na kuhesabu maneno yenye asili ya Kiarabu, kisha akatangaza kwamba lugha ni nusu ya Waarabu, amehesabu mabakuli yaliyopachikwa ukutani na kusahau kilichokuwa jikoni. Neno sahani ni la Kiarabu, dirisha na pamba ni ya Kiajemi, meza ni ya Kireno. Hata hivyo, anayesema "sahani zangu mbili zimevunjika dirishani" ameyakalisha maneno hayo ya mbali juu ya mafiga ya Kibantu: upatanisho wa ngeli, nafsi, njeo na kiambishi cha mahali. Maneno ya kigeni huonekana kwa urahisi kwa sababu yamewekwa mahali pa kuonekana. Viambishi, kama vyungu, vinafanya kazi na havitazamwi.

Lakini hatari ipo ya kuikimbia chumvi na kuangukia shubiri. Katika kulipinga dai kwamba kila kitu kililetwa na jahazi, wapo wasomi waliofikia kusema kwamba hakuna kilicholetwa, au kwamba kilicholetwa hakikubadili chochote. Vyombo vya nyumbani havikubaliani nao pia. Kisiwani Pemba, Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua na kubaki ardhini katika mahali pawili. Tumbe, makazi ya karne ya saba hadi ya 10, nafaka iliyotawala ni uwele. Chwaka, mji wa karne ya 11 hadi ya 16, mpunga umepanda na kuushinda uwele. Mpunga huo ni wa Asia. Kwa hiyo katika muda wa vizazi kadhaa watu wa kisiwa kimoja walibadili chakula chao kikuu. Mwenye kujua kazi ya jikoni anaelewa uzito wa badiliko hilo: namna ya kulima ni nyingine, namna ya kutwanga na kupepeta ni nyingine, kiasi cha maji ni kingine, hata kitoweo hubadilika. Na vyombo navyo vilibadilika. Vyungu vyenye shingo vya zama za mwanzo vinaanza kuandamana na mabakuli mengi zaidi yaliyo wazi, yanayofaa kupakulia mbele ya watu. Jeffrey Fleisher ameyasoma mabakuli hayo kama dalili ya karamu, yaani ya wenye nafasi waliowalisha wengine ili waheshimiwe. Pendekezo hilo halitamwonekania geni yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani.

Leo mgeni huyo wa Asia ana majina matatu ya Kiswahili: mpunga shambani, mchele ghalani, wali sahanini. Nani atathubutu kusema kwamba wali si chakula cha Waswahili kwa kuwa mbegu yake ilivuka bahari?

Ibn Battuta aliyepita pwani hii mwaka 1331 ni shahidi anayefaa kuitwa hapa, kwa kuwa alikuwa na jicho la vitu vidogo. Anakumbukwa zaidi kwa sifa alizoupa mji wa Kilwa na ukarimu wa sultani wake. Laiti angesomwa zaidi kwa habari za Mogadishu na Mombasa! Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake ndizi zilizopikwa katika maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa aliona watu wakinawa miguu kabla ya kuingia msikitini, na maji yakichotwa kisimani kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Aliyekulia pwani atakitambua chombo hicho mara moja. Ni kata, ingawa ile ya siku hizi zetu aghalabu hufanywa kwa kifuu cha nazi, na sasa nayo inasukumwa kando na kikombe cha plastiki.

Habari hiyo ina funzo jingine lisilopendeza sana kwa wanaoabudu makabati ya kioo. Chombo alichopakuliwa mgeni wa heshima kilikuwa cha mti, na mti huoza. Bakuli la kaure lililovunjika mwaka 1400 lingalipo. Sinia la mbao lililolisha watu kumi kila siku limekwisha kuwa mavumbi. Kilichosalia hakiwakilishi kilichotumika. Udongo uliochomwa, shanga, chuma chenye kutu na mfupa hubaki. Mkeka, jamvi, ungo, kifumbu, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, kitanda cha kamba na mtepe ulioshonwa kwa kamba za makumbi huondoka. Mwanaakiolojia hufika mwisho wa uwezo wake mahali hapo. Anayeweza kuendelea mbele kidogo ni mwanaisimu, kwa kuwa neno haliozi kama mti.

Kuhusu nguo, ushahidi ni mtamu zaidi. Tarehe ya Kilwa, ambayo ilihifadhiwa kwa Kiarabu na pia ikasimuliwa na João de Barros katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1552, ina kisa kinachojulikana na wengi. Katika masimulizi ya Kiarabu, mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Katika kisa hicho nguo ni mali ya mgeni na ardhi ni mali ya mwenyeji. Mmoja anafuma, mwingine anavikwa. Kwa karne nyingi picha hiyo imetawala fikra za wasomaji.

Sasa na ichimbwe ardhi ya Kilwa yenyewe, kama alivyofanya Neville Chittick kuanzia mwaka 1960. Miongoni mwa vitu vidogo vilivyopatikana Kilwa na katika miji mingine ya wakati huo ni vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa mviringo na kutobolewa tundu katikati. Havina uzuri wowote. Mgeni wa makavazi huvipita bila kugeuza shingo. Vilikuwa vizito vya kusokotea: kijiti hupitishwa tunduni, kigae hukipa kijiti uzito wa kuzunguka, na pamba husokotwa ikawa uzi. Yaani chungu kilipovunjika jikoni, kipande chake kilipewa kazi ya pili. Na kazi hiyo yaonyesha kwamba watu wa miji hii walikuwa wakisokota uzi wao wenyewe, bila ya kungoja nguo za kuzungushia kisiwa. Ibn Battuta anasema nguo za Mogadishu zilisafirishwa hadi Misri.

Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ana habari inayostahili kusomwa katika kila darasa la isimu. Anasimulia kuhusu Waislamu wa Sofala, mwisho wa kusini wa njia ya biashara ya Waswahili. Walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi. Basi walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakauchanganya uzi huo wa buluu na uzi wao mweupe, wakafuma upya.

Hakuna maelezo bora kuliko hayo kuhusu jambo ambalo wanaisimu huliita utohozi. Neno kitabu lilipoingia kutoka Kiarabu, silabi yake ya kwanza ilikuwa sehemu ya mzizi, wala haikuwa kiambishi. Kiswahili kililifumua, kikaiona ki- kama ki- ya kiti na kisu, kikafuma vitabu. Kiberiti kikafanywa vivyo hivyo, kikazaa viberiti. Na katika siku za karibuni zaidi, kilabu cha Waingereza kikazaa vilabu. Anayehesabu nyuzi za buluu peke yake, akasema nguo ni ya Cambay, hajaiona kazi ya mfumaji. Anayezikana nyuzi hizo, akasema nguo yote ni nyeupe, hajaitazama nguo.

Ushanga hauhitaji maneno mengi. Inatosha kusema kwamba katika miji ya mwanzo, Tumbe na Shanga ikiwemo, vimepatikana vigae vingi vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugulia makome hadi yakawa shanga. Kwa hivyo kabla ya shanga za kioo za ng'ambo kujaa sokoni, na hata baada ya hapo, watu walijitengenezea mapambo. Vijiti vya shaba vya kupakia wanja navyo vimeokotwa katika miji kadhaa, na vinakumbusha kwamba watu wa kale walijitazama na kujipenda.

Sarafu, hata hivyo, hazifai kupitwa kimya na wanafunzi wa ushairi. Sarafu za shaba za Kilwa zilikuwa ndogo, nyembamba, za kununulia vitu vya kila siku. Maandishi yake ni ya Kiarabu, na yamepangwa hivi: upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinaoana kwa kina. Mtu alipoigeuza sarafu kiganjani alikuwa amesoma mistari miwili yenye mwisho mmoja wa sauti. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukiwa pamoja. Moja ya sarafu za Kilwa ilionekana mbali sana, katika Zimbabwe Kuu. Mijadala kuhusu umri wa vina katika fasihi ya pwani huanza na tendi za karne ya 17 na 18, kwa sababu ndizo zenye miswada. Ni kweli kwamba kina cha sarafu ni cha Kiarabu, wala hakithibitishi kuwapo kwa utenzi wa Kiswahili wakati huo. Lakini kinathibitisha kwamba sikio la mtu wa kawaida wa Kilwa, muuza samaki akiwemo, lilikuwa limezoezwa kutarajia vina karne nyingi kabla ya muswada wa kwanza uliosalia. Wahadhiri wa fasihi wanastahili kulieleza hilo.

Mwaka 2023 mjadala wa asili ulipata kuni mpya. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800; miongoni mwa watafiti ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya ambaye tangu zamani ametetea Uafrika wa miji hiyo. Matokeo yalionyesha kwamba wengi wa watu hao walikuwa na zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa wanawake, na sehemu kubwa iliyobaki kutoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000. Wapo waliofurahi kwamba masimulizi ya Shirazi yamepata nguvu, na wapo waliokasirika. Furaha na hasira hizo zote mbili ziliruka swali la jikoni.

Kwa maana iwapo akina baba kadhaa walitoka ng'ambo na akina mama walikuwa wenyeji, basi mambo mawili yaliyokuwa yakisomwa kama yanapingana yanakaa pamoja bila ugomvi. Tarehe za miji ziliandikwa na wanaume, kuhusu wanaume, ili kuthibitisha haki ya wanaume kutawala. Zinakumbuka jahazi la baba. Vyungu vinakumbuka upande mwingine. Ikiwa wafinyanzi wa zama hizo walikuwa wanawake, kama walivyo wengi wa pwani na bara hata sasa, basi zile pembetatu zilizochorwa shingoni ni maandishi ya akina mama, na ni maandishi ya kale kuliko tarehe yoyote iliyosalia. Na lugha ambayo mtoto aliisikia kwanza ilikuwa ya aliyekuwa akikoroga chungu. Hilo linaeleza vizuri zaidi kuliko nadharia ya pijini kwa nini watoto wa wafanyabiashara waliojivunia nasaba za Uajemi walizungumza lugha ya Kibantu yenye ngeli kamili.

Upo upinzani unaotarajiwa. Mwenye kujali mipaka ya taaluma atasema kwamba vyungu ni vya akiolojia, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mzigo wa kutosha wa fonolojia, sintaksia na fasihi. Upinzani huo ungekuwa na nguvu lau wanaakiolojia wangekuwa wameandika kwa Kiswahili. Ripoti za Gedi, Kilwa, Manda na Shanga ziliandikwa kwa Kiingereza, na hata kazi nyingi za wataalamu Waafrika waliofuata ni vivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba mfinyanzi anayeishi karibu na magofu, ambaye mikono yake inajua kitu ambacho kitabu kinajaribu kukieleza, hawezi kukisoma wala kukisahihisha. Mnamo Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji wa Gedi katika orodha ya Turathi za Dunia. Maelezo mapya yataandikwa, na mabango mapya yatasimamishwa. Yataandikwa kwa Kiswahili gani, na na nani?

Kamusi nazo hazisaidii inavyopaswa. Anayetafuta majina ya vyombo vya zamani aghalabu hukutana na maelezo mafupi yanayoanza kwa "aina ya": aina ya chungu, aina ya kikapu, aina ya mkeka. Aina ipi? Cha kupikia au cha kutilia maji? Chenye mfuniko au kisicho nao? Mwenye kujua tofauti hizo yuko hai bado, lakini ni mzee, na wajukuu wake wanapikia sufuria. Kila mwaka vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hukusanya nauli na kwenda ziara Lamu, Mombasa au Gedi. Basi hujaa, nyimbo huimbwa, picha hupigwa mbele ya msikiti, chakula huliwa, na jioni safari ya kurudi huanza. Kwa nauli iyo hiyo, siku moja ya ziara ingeweza kutolewa kwa wafinyanzi, wafumaji wa ukili na wachongaji wa vinu, kila mwanafunzi akiwa na daftari.

Maswali ya kuanzia si magumu. Chungu kina mdomo, shingo, tumbo na kitako. Kila msemaji anayajua hayo. Lakini ule ukingo uliopinduliwa nje unaitwaje? Na mchoro wa pembetatu, kule ambako ungali unachorwa, una jina gani? Udongo unaofaa hutofautishwaje kwa neno moja na ule utakaopasuka motoni? Jiwe la kulainishia chungu kabla hakijachomwa linaitwaje Pemba, na linaitwaje Pate? Wanaakiolojia wamekuwa wakiyahitaji maneno hayo kwa zaidi ya miaka 70, na kwa kutoyapata wakajitungia ya Kiingereza. Wenye maneno wako Gede, Mambrui, Siyu na Wete, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.